Makabidhiano, Igowole

Obadia, funguo ziko mbili: wa mlango na wa kabati.
Nywila utapewa na mhasibu, kwa mdomo.
Seva ni hii moja, inayokoroma kama paka mwenye mafua.
Juni ikifika na baridi yake utaipenda;
mimi nilianika soksi nyuma yake.

Ni moja, ila usiihesabu moja.
Umewahi kumfuata mgema alfajiri, akikata mwanzi?
Shina moja, pingili juu ya pingili,
na maji ya pingili hii hayana habari na maji ya jirani.
Ndivyo Luhwago alivyoigawa mashine kabla hajahamia Dodoma:
chumba na njia zake, na anwani zake,
chumba na chumba, havisikiani,
isipokuwa pale alipopitisha waya pacha,
ncha moja ndani, ncha moja nje.
Akaviita alivyopenda: mizani, mishahara, jaribio, jaribio-la-pili,
na kimoja akakiita mama-Upendo.
Sikumuuliza.

Sasa nikuambie la Kibao.

Mwaka jana, wiki ya mavuno mazito, nilishikwa na usafi.
Nikaona jaribio-la-pili, nikasema hili ni gugu.
Nikatoa amri ya kufuta. Mashine haikubisha,
haikuuliza, haikukohoa. Nikaorodhesha: halipo.
Nikanywa chai.

Kumbe jina si chumba.
Nilichong'oa ni kibao cha mlangoni.
Ndani alibaki mtu (naita mtu, ni programu,
namba 2217, siku mia nne na kumi hajasinzia)
akipokea uzito wa majani kutoka mizani ya Kibao,
kilo kwa kilo, akiziandika gizani,
maana anayekuja usiku kuzichukua
huja kwa jina.

Siku sita.
Siku ya saba Bi. Tulalumba Kihwele alisimama dirishani,
vidole vyeusi kwa utomvu wa chai,
stakabadhi mkononi imejaa sifuri.
Hakupiga kelele. Alisema tu,
"Mwanangu, hizi sifuri nimezichuma mimi?"

Nilimtafuta yule wa ndani kwa namba yake,
nikapenya ubavuni mwake, nikaingia.
Nikakuta kilo zote, hata nusu, hata robo,
zimepangwa kama kuni za mtu anayeogopa mvua.

Kwa hiyo kabla hujafuta, piga hodi.
Uliza waliomo, namba zao, wanafanya nini, tangu lini.
Akiwapo mtu, mwambie amalize; tumia ile amri ya upole,
umpe nafasi afunge daftari.
Ile ya tisa, unaijua, ni ya kuulia nyoka.
Tazama na waya: chumba kikifa, pacha wa nje hufa nacho,
lakini kadi ya kweli, ya chuma, hurudi kwao
imezimwa, haina anwani. Usishtuke. Iamshe.
Halafu futa. Halafu orodhesha. Chai bado:
chungulia tena, pengine kuna anayeishi bila jina.

Na usifanye hayo siku ya mizani.

Nimeshafuta visivyo na mtu, kimoja kimoja,
isipokuwa mama-Upendo.
Nilibisha. Hamna programu, hamna waya,
hata ile njia fupi ya chumba kujisemesha chenyewe
imelala.
Nikaandika amri, kidole juu ya kitufe.
Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye nguzo za umeme,
lori la majani linapiga honi.
Nikaenda kufungua geti.

Kiko hapo. Utaamua wewe.
Soksi nimezichukua.